Baada ya Picha ya Pili

Kuna simulizi fupi sana ambayo karibu kila mwenye simu ameisoma. Ina picha mbili zilizopangwa sambamba. Kushoto yupo mtu mnene, kavaa fulana pana, mwanga hafifu, hatazami kamera sawasawa. Kulia yupo mtu yuleyule, kapungua, kashika kiuno, anatabasamu. Mara nyingine kasimama ndani ya mguu mmoja wa suruali yake ya zamani ili tuone kwa macho kiasi cha mtu kilichoondoka. Maneno ni mawili tu: kabla, baada.

Tuliosoma fasihi tumezoea kuuliza simulizi inaanzia wapi, inaishia wapi, na mipaka hiyo inamfaa nani. Simulizi ya picha mbili ina mhusika, ina mgogoro, ina ushindi. Haina kitu kimoja tu: maisha ya huyo mtu wa kulia siku inayofuata, na mwaka wa tano, na wa kumi na tano. Katika insha hii nataka kusoma maandishi machache kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito kwa swali hilohilo. Kwa nini simulizi hizi huishia pale ambapo maisha yenyewe yanaanza? Na je, yupo aliyejaribu kuandika zaidi ya hapo?

Tuanze na upasuaji wenyewe, maana ukiuelewa utaona kwamba picha ya pili hupigwa mapema mno.

Aina mbili ndizo zinazotajwa zaidi. Katika ya kwanza, inayofanywa zaidi duniani siku hizi, daktari huondoa kama robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, ukabaki mrija mwembamba. Kilichokatwa hakirudishwi. Katika ya pili, inayoitwa baipasi, sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hutengwa ikawa kijifuko cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha kijifuko hicho huunganishwa na utumbo mwembamba mbele zaidi, chakula kikaruka sehemu ya kwanza ya njia yake. Baipasi ilianza na daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Alikuwa ameona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula walipungua na hawakunenepa tena kwa urahisi. Athari mbaya ya tiba moja ikageuzwa kuwa tiba nyingine. Sijui kama kuna mwandishi wa riwaya ambaye angethubutu kubuni mwanzo kama huo.

Uzito mwingi hutoka katika mwaka wa kwanza hadi mwaka na nusu. Picha ya pili hupigwa hapo. Sasa chukua mtu aliyepasuliwa akiwa na miaka thelathini na mitano. Akijaliwa umri, ana miaka arobaini mbele yake na mwili ambao njia yake ya chakula si ile aliyozaliwa nayo. Katika miaka hiyo humeza vidonge vya vitamini na madini kila siku, kwa sababu ni mfuko wa chakula uliokuwa ukitengeneza protini inayowezesha vitamini B12 kufyonzwa, na ni sehemu ya mwanzo ya utumbo iliyokuwa ikifyonza sana madini ya chuma na kalsiamu. Ini huweka akiba ya B12 ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu unaweza kuchelewa kujitokeza: ganzi miguuni, kusahausahau, uchovu unaofanana na uvivu. Akila kitu chenye sukari nyingi, hasa aliyefanyiwa baipasi, huweza kupatwa na jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha, mpaka alale chini kipite. Pombe humfikia kichwani haraka kuliko zamani. Wengine hupata mawe kwenye nyongo wakati uzito unaporomoka. Wengine kiungulia kisichokoma. Wengine, miaka kadhaa baada ya baipasi, utumbo hupenya mahali ulipopangwa upya ukajisokota, na hiyo ni dharura. Ngozi iliyokuwa imebeba mwili mkubwa hubaki ikining'inia. Na sehemu ya uzito, kwa watu wengi, hurudi.

Sitaji haya ili kumtisha mtu. Upasuaji huu huokoa maisha, na nitafika huko. Nayataja ili tuone jambo la sarufi. Kiswahili kinatupa nyakati na hali za kitenzi ambazo zinasaidia sana hapa. Picha ya kushoto inasema "alikuwa mnene". Picha ya kulia inasema "amepungua", kwa ile -me- ya jambo lililokamilika na matokeo yake yakabaki. Lakini ukisoma tena aya iliyotangulia utaona imejaa kiambishi kingine: humeza, humfikia, hubaki, hurudi. Ni hu-, hali ya mazoea, isiyo na jana wala kesho. Maisha baada ya upasuaji huendeshwa kwa hu-. Na hu- ni kiambishi kigumu kukitungia hadithi, kwa sababu hakina mwisho. Huwezi kukipiga picha.

Kitabu kilichonifanya nianze kufikiri hivi hakihusu upasuaji, angalau si moja kwa moja. Ni *Hunger*, kumbukumbu za Roxane Gay zilizotoka mwaka 2017. Gay, Mmarekani mwenye wazazi kutoka Haiti, anaeleza jinsi alivyobakwa na kundi la wavulana akiwa na miaka kumi na miwili, na jinsi alivyoanza kula ili mwili uwe ngome ambayo hakuna atakayeitamani. Katika kurasa za mwanzo anatuonya kwamba hii si hadithi ya ushindi, na kwamba hatutakuta kwenye jalada picha yake akiwa mwembamba ndani ya suruali kubwa ya zamani. Anaijua simulizi ya picha mbili na anaikataa kabla hatujaidai. Jalada lina uma.

Kitabu hicho kinaanza na safari ya kwenda Cleveland Clinic ya Weston, Florida, yeye na baba yake, kusikiliza maelezo ya upasuaji. Wakati huo alikuwa na miaka ya ishirini na kitu. Wanaelezwa faida na hatari, na anaondoka bila kupasuliwa. Nilipokisoma mara ya kwanza niliipita sura hiyo kama utangulizi tu. Kumbe ni bawaba ya mlango mzima. Kitabu kinachokataa hadithi ya ushindi kinaanza kwa kuukataa upasuaji, na msomaji hujenga mategemeo kutokana na hilo: huyu ni mwandishi aliyeamua kuishi ndani ya mwili wake na kuuandika ulivyo.

Kisha, Januari 2018, miezi michache baada ya kitabu kutoka, Gay akapasuliwa. Akakatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, na mwezi Aprili mwaka huohuo akachapisha insha aliyoiita "What Fullness Is". Kichwa chake kinaitika upande wa pili wa kichwa cha kitabu: kule njaa, huku shibe. Anakiri kwamba aliwaambia watu wachache tu, na anaandika juu ya kunyang'anywa faraja pekee aliyoizoea tangu utotoni, maana chakula kilikuwa kimefanya kazi ambayo hakuna kidonge kinachoifanya.

Wapo wasomaji walioiona insha hiyo kama usaliti, hasa wale wanaopigania heshima ya watu wanene. Wapo walioipongeza kama wanaompongeza mtu aliyefuzu. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa zinaisoma kama picha ya pili. Zote zilitaka hukumu: ameshinda, ameshindwa. Insha yenyewe haikutoa nafasi hiyo. Imeandikwa miezi mitatu hivi baada ya kisu, na nguvu yake yote iko katika kutojua. Udhaifu wake, kama ni udhaifu, uko palepale: miezi mitatu si umbali wa kutosha kuona chochote. Ni barua ya mtu aliyeteremka bandarini jana, bado anayumba kama yuko majini. Tunaisoma kwa ajili ya yumbo hilo, lakini hatuwezi kuitumia kama ramani ya mji.

Aliyejaribu kukaa mjini muda mrefu zaidi kabla ya kuandika ni Jen Larsen. Kitabu chake *Stranger Here* kilitoka mwaka 2013. Larsen alikuwa mkutubi, aliyeamini, kama wengi wetu tunavyoamini juu ya jambo fulani, kwamba kuna kizuizi kimoja tu kati yake na maisha aliyostahili, na kizuizi hicho ni uzito. Alichagua upasuaji mkali kuliko aina zote mbili nilizozieleza: unaokata mfuko wa chakula na pia kuruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, hivi kwamba mafuta mengi yanayoliwa hayafyonzwi kabisa. Akapungua pauni 180, kama kilo 80. Halafu akagundua kwamba mtu aliyebaki ni yeye yuleyule.

Ninakithamini kitabu hiki kwa sababu kina ujasiri ambao picha haina: kinaingia ndani ya "baada" na kukaa humo, na kinakubali kuonekana bila kupendeza. Lakini nina ugomvi na jina lake dogo. Linasema kwamba upasuaji uliugeuza mwili wa mwandishi na kukivuruga kichwa chake, kana kwamba mwili ni nyumba moja na kichwa ni nyumba ya jirani. Mgawanyo huo unauzika, kwa kuwa unahifadhi nusu ya ile ahadi ya picha ya kulia: mwili umefaulu, kilichobaki ni mambo ya kisaikolojia, mtu apambane nayo mwenyewe. Fiziolojia haisemi hivyo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulifuata watu waliopasuliwa na kukuta kwamba matatizo ya pombe yalikuwa kwa asilimia 7.6 yao katika mwaka kabla ya upasuaji, na asilimia 9.6 katika mwaka wa pili baada yake, hasa kwa wa baipasi. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba utumbo uliopangwa upya huipeleka pombe kwenye damu kwa kasi mpya. Hapo ni mwili unaoanza au ni kichwa? Mtu asiyeweza kufyonza B12 vizuri akisahau, akilia ovyo, akichoka, ni mwili au ni kichwa? Jina zuri zaidi lingekataa kugawanya.

Televisheni nayo ina jibu lake, na ni jibu la kelele. Mwaka 1999 mwimbaji wa Marekani Carnie Wilson aliruhusu upasuaji wake wa baipasi urushwe moja kwa moja kwenye intaneti. Kisu kilionwa na dunia nzima. Mwaka 2012 alipasuliwa tena, baada ya uzito kurudi, na safari hii habari yake ikapokewa kama habari ya kuanguka. Tazama tofauti ya mwanga: tukio la siku moja linapewa jukwaa, miaka kumi na mitatu ya kila siku inapewa kichwa cha habari chenye kejeli. Kipindi cha *My 600-lb Life*, kilichoanza mwaka 2012 na kinachomfuata daktari Younan Nowzaradan wa Houston, kilipata wazo bora kidogo: kikazaa kipindi cha pili kinachorudi kwa wahusika wale wale kuuliza wako wapi sasa. Lakini hata huko mizani ndiyo msimulizi. Tunamwona mtu anapanda, namba inasomwa, muziki unabadilika. Mtu ambaye namba yake haikusogea mwaka mzima, akaishi vizuri, akazika mzazi, akaolewa, hana kipindi.

Njia nyingine ya kuusema mwili baada ya upasuaji ni kicheko. Mtangazaji Al Roker alifanyiwa baipasi mwaka 2002, na miaka kama kumi baadaye, alipotoa kitabu chake, alisimulia kwenye televisheni jinsi alivyojichafua akiwa Ikulu ya Marekani kwa sababu alikula kitu ambacho tumbo lake jipya halikukitaka. Watu walicheka wiki nzima. Najiuliza kwa nini ilimlazimu mtu maarufu kungoja muongo mzima, na kuivika mavazi ya kichekesho, habari ambayo maelfu ya watu waliopasuliwa wanaijua kwa karibu. Kicheko kiliruhusu jambo la chooni lisemwe hadharani. Pia kiliruhusu tusilifikirie. Tulicheka, tukaendelea na kahawa yetu.

Sasa nitasema jambo linaloweza kuonekana la ajabu katika jarida la fasihi: simulizi yenye subira kuliko zote juu ya mada hii niliikuta kwenye majarida ya tiba. Huko Sweden, kuanzia mwaka 1987, watafiti waliwafuata watu 2,010 waliopasuliwa na wengine 2,037 wanene kama wao ambao hawakupasuliwa. Waliendelea kuwafuata kwa miongo. Mwaka 2007 walionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa kwa uchache zaidi. Mwaka 2020 walihesabu kwamba upasuaji uliongeza umri wa kuishi kwa miaka mitatu hivi ukilinganisha na wasiopasuliwa, ingawa waliopasuliwa bado waliishi pungufu ya watu wa kawaida kwa zaidi ya miaka mitano. Soma sentensi hiyo tena. Haina ushindi wala kushindwa. Ina miaka mitatu, ambayo kwa mtu mwenye wajukuu ni mingi mno, na ina pengo ambalo kisu hakikulifunga. Utafiti mwingine, wa Utah, nao wa mwaka 2007, ulikuta vifo kwa jumla vimepungua kwa asilimia 40 kwa waliopasuliwa, lakini vifo visivyotokana na magonjwa, kama ajali na kujiua, vilikuwa vingi zaidi kwao kwa asilimia 58. Hakuna mhariri wa picha mbili ambaye angeweka namba hizo kwenye ukurasa mmoja. Wanasayansi waliziweka kwenye jedwali moja.

Kinachokosekana kwenye jedwali ni sauti. Na kuna jambo jingine la kuzingatia: wengi wa wale Waswidi walipasuliwa kwa njia ambayo leo imeachwa. Miaka ishirini ya ushahidi siku zote ni ushahidi juu ya upasuaji wa miaka ishirini iliyopita. Anayepasuliwa leo anaingia kwenye maisha ambayo hakuna aliyekwisha kuyaishi mpaka mwisho. Kwa mantiki hiyo shahidi bora ni yeye mwenyewe, akiandika akiwa njiani. Ndiyo maana swali la fasihi hapa si pambo.

Huku kwetu swali hili lina uzito wa aina yake. Dar es Salaam watu wanazungumzia "puto" la Mloganzila, ambalo huwekwa tumboni kwa muda kisha likatolewa, na "kukatwa utumbo", ambako mara nyingi utumbo haukatwi kabisa bali mfuko wa chakula. Mtaani yote mawili huwekwa kwenye kapu moja. Lakini tatizo la maneno ni la ndani zaidi. Kiswahili kina vitenzi viwili kwa jambo ambalo mizani inaliona moja: kupungua na kukonda. Aliyepungua amekusudia, aliyekonda amepatwa. Kupungua hupongezwa, kukonda huulizwa: una nini? Na sisi tuliozaliwa baada ya miaka ile mibaya tumerithi hofu ambayo hatukuiishi. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ya fasheni. Upande wa Uganda waliuita Slim, yaani wembamba. Kwa kizazi cha wazazi wetu, mwili unaopungua haraka ulikuwa tangazo la kifo. Mtu aliyepasuliwa akarudi kijijini au kwenye sherehe ya ukoo anapita katikati ya kumbukumbu hiyo. Anapaswa kuchagua: aseme amefanya nini, au aache waseme anaumwa nini.

Nina mama mdogo anayeishi Muscat. Familia yetu, kama nyingi za Unguja, ina mguu mmoja huko. Alipasuliwa miaka saba iliyopita. Kule huita takmim, neno la Kiarabu linalotokana na mkono wa nguo, kwa kuwa mfuko wa chakula hubaki na umbo hilo. Ameniruhusu nimwandike bila jina, kwa sharti kwamba nisiandike kuwa anajuta, kwa sababu hajuti. Sukari yake, iliyokuwa ikimtesa tangu ujauzito wa mwisho, ilishuka akaacha dawa. Ngazi za ghorofa ya tatu anapanda bila kusimama. Lakini akija Unguja kwa Idi, sinia likiwekwa, shida huanza. Anakula matonge matatu, anasema "nimeshiba", na neno hilo ambalo kwetu ni ustaarabu wa kukataa kwa adabu halisadikiwi na mtu. "Kula, mwanangu, usituonee haya," bibi humwambia, na kumsogezea nyama. Hajawahi kumweleza bibi. Mawifi zake pia hawajui. Wote wanadhani ni mazoezi na uji wa shayiri.

Siri hiyo ina gharama isiyo ya kihisia tu. Mwaka juzi, akiwa kwetu, alipata ganzi kwenye nyayo. Kwenye zahanati alikopelekwa, wifi yake ameketi pembeni, aliulizwa kama aliwahi kuwa na sukari, akasema ndiyo, wakaandika kwamba ni mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kupasuliwa tumbo, na makovu matano madogo ya upasuaji wa matundu hayaonekani ukiwa umevaa dera. Alivyorudi Muscat akamwambia daktari wake, akapimwa damu, akaanza sindano za B12. Ganzi ya mguu wa kulia imekwisha. Ya kushoto imebaki kidogo, na anaambiwa huenda ikabaki.

Ninapousoma mkasa huo kama mhakiki, naona kwamba wifi, daktari wa zahanati na bibi walikuwa wote wasomaji waliokosa simulizi. Hawakuwa na hadithi kichwani ya mtu aliyepasuliwa miaka mitano iliyopita na bado ana mambo. Walikuwa na mtu mgonjwa, na mtu aliyepungua vizuri. Mama mdogo hakuingia kwenye lolote kati ya mafungu hayo, kwa hiyo akawekwa lililokuwa karibu. Hapo ndipo umbo la simulizi linapogusa mshipa wa mguu.

Najua pingamizi lililo wazi. Hakuna mtu anayedaiwa na wasomaji habari za utumbo wake. Gay halazimiki kutuandikia taarifa ya kila mwaka, na mama mdogo halazimiki kusimama mbele ya sinia na kutoa muhadhara. Nakubali. Tukiwadai waliopasuliwa peke yao wabebe kazi ya kueleza, tutakuwa tumewaongezea mzigo juu ya vidonge. Lakini tawasifu si mlango pekee. Mwandishi wa hadithi fupi anaweza kumpa mhusika wake mfuko wa chakula wa mililita 30 bila kuufanya kuwa mada: awe tu mwalimu, au fundi cherehani, ambaye katikati ya mgogoro mwingine kabisa anaondoka mezani mapema na kumeza vidonge vinne. Mwandishi wa insha anaweza kuandika juu ya kumpikia mtu kama huyo. Tamthilia zetu za redio, zilizotufundisha uzazi wa mpango na malaria, zinaweza kumweka mama mmoja anayeenda kupima damu kila mwaka na kurudi nyumbani kama aliyetoka sokoni. Kitu kinakuwa cha kawaida kwenye lugha kabla hakijawa cha kawaida kliniki, au angalau vinasaidiana.

Ningependa pia wahariri wa majarida kama hili waache kuomba mwisho. Nimeshasikia ushauri unaotolewa kwa waandishi wa insha za mwili: malizia kwa kujikubali, au malizia kwa uponyaji, msomaji asibaki ananing'inia. Ushauri huo ni picha ya pili iliyovaa joho la chuo. Insha ya Gay iliyoandikwa mapema mno, na kitabu cha Larsen kinachomwacha mwandishi akiwa mgeni palepale, vinanifaa zaidi kuliko vitabu kumi vya kuhamasisha, kwa sababu vyote viwili vinaacha mlango wazi na kuniruhusu niulize kilichotokea baadaye.

Kwa bahati nzuri, swali hilo tunalo tayari katika salamu zetu. Mtu aliyetoka hospitali hatumuulizi kama amemaliza. Tunamuuliza anaendeleaje, na tunaweza kumuuliza tena wiki ijayo na mwaka ujao bila kuonekana wajinga. Mama mdogo anakuja tena Idi hii. Bibi bado hajui, na si kazi yangu kumwambia. Lakini nimekwisha muomba dada anayepika aweke, pamoja na sinia, visahani vidogo vichache, kwa yeyote anayependa kula kidogokidogo.